Ukuta Usio na Saruji

Msomaji kijana, katika maisha yako umepita kando ya kuta nyingi, na yamkini hujapata kusimama mbele ya hata mmoja ukauliza: Kitu gani kinachousimamisha? Ukuta wa matofali hauna siri. Saruji iliyo baina ya tofali na tofali ndiyo inayoyashika. Lakini upo ukuta wa namna nyingine, uliopangwa kwa mawe makavu, pasipo saruji, wala chokaa, wala udongo. Ukitia kidole katika nyufa zake utagusa hewa. Hata hivyo ukuta huo husimama katika mvua na jua, na umri wake aghalabu huzidi umri wa mtu aliyeujenga. Nataka tuuzungumze ukuta huo, kwa sababu nadhani unatusaidia kujibu swali ambalo kila mtu aishiye pamoja na wenzake hana budi kulijibu: Nini kinachowashika watu pamoja?

Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha upande wa chini wa Meru, mahali ambapo miteremko ya Mlima Kenya inaishia na nchi kavu ya Tharaka inaanzia. Juu, karibu na msitu, kuna chai, kahawa na baridi. Ukishuka, chai hutoweka, kisha kahawa nayo hutoweka. Unakuta mawele, mtama, mbaazi na ndengu, na mbuzi wanaopanda miamba. Mvua ya huko ni chache, lakini ijapo huja kwa nguvu. Huupiga udongo uliokaushwa na kiangazi, ikauchukua mpaka mito ya Kathita na Mutonga, na mito hiyo ikaupeleka Tana, na Tana ikaumwaga katika Bahari ya Hindi. Mkulima hulala na shamba akaamka na mwamba.

Shamba la shule yetu lilikuwa katika mteremko wa namna hiyo. Mwaka wangu wa pili nikaona dawa yake: kuta za mawe zikingame mteremko, ziyapunguze maji mbio na kuuzuia udongo usihame. Mawe yalikuwa tele. Nguvu nazo niliziona tele, maana nilikuwa na wanafunzi wachelewaji, wasahaulifu na wakaidi. Nikaweka sheria kwamba kila afanyaye kosa atabeba mawe. Kosa dogo lilikuwa mawe kumi, na kosa kubwa mawe thelathini. Kabla muhula haujaisha nilikuwa na ukuta wa hatua sitini, nami nikajiona mtu mwenye akili, kwa kuwa nimepata nidhamu na ukuta kwa bei moja.

Mvua za Novemba ziliujia ukuta ule usiku mmoja. Asubuhi niliukuta umelala chini katika sehemu tatu, na mawe yametapakaa juu ya kunde. Wanafunzi walisimama kutazama. Hapana aliyecheka, na hapana aliyesikitika. Jambo hilo ndilo lililonichoma. Ukuta haukuwa wao, hata kuanguka kwake hakukuwa msiba wao.

Jirani wa shule alikuwa mzee mmoja ambaye shamba lake lilikuwa na ngazi za mawe kutoka juu hadi chini. Mvua ile ile ilipita kwake na haikuondoa hata jiwe moja. Nilikwenda kumwamkia, nikamweleza habari yangu. Akaniuliza, "Mwalimu, ukuta huo aliujenga nani?" Nikajibu kuwa ni wanafunzi. "Sikuulizi waliobeba mawe," akasema kwa upole. "Nauliza aliyeujenga." Sikuwa na jibu. Akaniambia nije Jumamosi, nami nije na mikono yangu.

Basi nilikwenda, na kiangazi chote kile nilikuwa mwanafunzi tena. Siku ya kwanza sikuruhusiwa kupanga hata jiwe moja. Nilitenga mawe kwa mafungu: makubwa ya msingi, marefu ya kufungia, bapa ya juu, na madogo ya kujaza nyuma. Nilidhani hiyo ni kazi ya watoto. Baadaye nilifahamu kwamba mtu asiyejua kutenga mawe hawezi kujenga, maana atatafuta kwa papara jiwe ambalo liko chini ya miguu yake.

Siku ya pili nilijifunza msingi. Mfereji huchimbwa kwa sururu na jembe hata udongo mgumu uonekane, na mawe makubwa kuliko yote huingia humo. Jiwe ambalo halitaonekana na mpita njia ndilo linalobeba yote. Ukuta wangu haukuwa na msingi. Niliuweka juu ya udongo mlegevu kama mtu atandikavyo mkeka.

Kisha nilifundishwa kulaza jiwe. Mtu aanzaye hupenda kuugeuza nje upande mrefu wa jiwe, ili uso wa ukuta upendeze na kazi iende upesi. Ni kosa. Jiwe hulazwa urefu wake ukielekea ndani, nje kionekane kichwa chake tu. Jiwe lililojionyesha lote nje limeshikwa kwa ukucha. Jiwe lililoingia ndani limeshikwa kwa mwili mzima. Kadhalika kiungo cha mawe mawili hufunikwa na jiwe moja juu yake, maana viungo vikifuatana kutoka chini hata juu, ukuta umekwisha kupasuka kabla haujapasuka. Hapa na pale huwekwa jiwe refu la kufungia, lipenye mpaka ndani ya kilima. Nyuma ya uso hujazwa mawe madogo, nayo hupangwa kwa mkono, hayatupwi kwa pauro. Na ukuta wote huinamia kilima kidogo, kama mzee aegemeavyo fimbo yake.

Nilipouliza kwa nini tusitumie saruji, mzee alinionyesha nyufa. Maji yanayoingia nyuma ya ukuta hupenya katika nyufa hizo taratibu na kwenda zao, na udongo hubaki. Ukuta wa saruji usioachiwa matundu huyafungia maji nyuma yake; nayo hukusanyika, huwa mazito, hatimaye huusukuma ukuta ukaanguka wote kwa pamoja. Ukuta wa mawe makavu hutikisika, hukaa tena, na jiwe moja likitoka, mtu mmoja huweza kulirudisha asubuhi moja. Ndipo nilipoelewa kwamba nguvu za ukuta huo hazitoki katika kitu kilichoongezwa baina ya mawe. Zinatoka katika uzito wa kila jiwe juu ya mengine. Mzigo wenyewe ndio kifungo.

Lakini jambo kubwa kuliko yote sikulijifunza kwa mawe, nililijifunza kwa watu. Katika Jumamosi zile mzee hakuwa peke yake. Walikuja majirani, wake kwa waume, leo kwa huyu na juma lijalo kwa yule. Desturi hiyo inajulikana katika nchi nyingi za Afrika Mashariki: Wagikuyu huiita ngwatio, Wakamba huiita mwethya, na upande wa Tanzania hujulikana kwa jina la msaragambo. Nilizoea kuiona kama njia ya kupunguza kazi. Nikaona kwamba katika kazi ya mawe ni zaidi ya hivyo. Aliyeshika jiwe zito kwa mikono miwili haoni chini yake. Anayeona ni yule aliye mbele yake. Yeye humwambia, geuza kidogo, inua upande huo, sasa teremsha. Hakuna awezaye kulikalisha jiwe kubwa vizuri asipoyakubali macho ya mwenziwe. Mama mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa na jicho kuliko sisi sote. Alitazama pengo, akatazama fungu la mawe, akaokota kijiwe kimoja, kikaingia kama kizibo katika chupa. Wanaume wenye vifua vipana walisimama wakimngojea aseme. Watu wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba walijikuta wakiambiana, teremsha, inua. Sikusikia wakipatana kwa maneno, ila niliwaona wakinywa uji wa mawele katika kibuyu kimoja. Kwa Jumamosi nane niliwajua jirani zangu kuliko nilivyowajua kwa mwaka mzima wa kusalimiana njiani.

Usidhani, msomaji, kwamba sanaa hii ni ya vilima vyetu peke yake. Magharibi ya Kenya, katika Kaunti ya Migori, iko boma kubwa ya mawe iitwayo Thimlich Ohinga, iliyojengwa yapata karne ya 16. Kuta zake zinakwenda juu baina ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wake ni kadiri ya mita 1. Wajenzi waliinua uso wa nje na uso wa ndani, wakajaza katikati kwa mawe madogo, na tabaka hizo tatu zikashikana bila ya kitu chochote cha kuzigandisha. Ndani walikaa watu na mifugo yao. Waliokuja baadaye waliikuta boma ile, wakakaa humo, wakaziba palipobomoka. Mwaka 2018 Thimlich Ohinga iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mwaka huo huo shirika hilo liliandika katika orodha yake nyingine sanaa ya ujenzi wa mawe makavu ya nchi nane za Ulaya, miongoni mwao Ufaransa, Ugiriki, Italia na Uswisi. Kusini ya Ethiopia, watu wa Konso wamevivika vilima vyao ngazi za mawe kwa vizazi vingi na bado wanazilima. Na kaskazini ya Tanzania, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yako magofu ya Engaruka, mashamba ya mawe na mifereji ambayo wenyewe waliyaacha yapata karne ya 18. Linganisha Konso na Engaruka. Mawe yamo huku na huku, ila huku iko mikono ya kurudisha jiwe lililotoka, na kule haiko. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumuiya nayo haijengwi mara moja ikaachwa. Ni kitu kinachozibwa kila siku.

Sasa turudi kwenye swali letu, maana liko fumbo katika habari hii. Kama kazi ya pamoja huwaunganisha watu, mbona kazi niliyowapa wanafunzi wangu haikuwaunganisha? Walibeba mawe pamoja, katika jua moja, kwa ukuta mmoja.

Historia ya nchi yetu ina mfano mkubwa wa fumbo hilo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa Kenya unakwisha, nayo katika hilo iliona sawa. Ikaamuru matuta yachimbwe. Katika Murang'a machifu waliwatoa watu, wengi wao wanawake, kwenda kuchimba bila malipo katika siku zilizowekwa. Mwaka 1947 kazi ile ikagomewa, na mwaka 1948 wanawake wakaandamana kuikataa. Matuta yalikuwa dawa ya kweli, walakini dawa ilikataliwa kwa sababu ya mkono ulioitoa. Katika Machakos nako matuta yalianza kwa amri, na amri ilipoondoka mengi yakaachwa. Lakini baada ya uhuru wa mwaka 1963 watu wenyewe, wanawake wakiwa mbele, walirudi kuchimba katika vikundi vya mwethya, kwa ile njia iitwayo fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ukawa kingo. Miteremko ni ile ile, majembe ni yale yale, na migongo ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mara hii mchimbaji alikuwa pia mwenye shauri.

Hapa mtu mwenye akili atanipinga. Atasema: Maji hayaulizi kama mjenzi alipenda au alilazimishwa. Ukuta wako ulianguka kwa sababu haukuwa na msingi, si kwa sababu ulikuwa adhabu. Nami nakubali. Mapenzi mema yasiyo na ujuzi huanguka sawasawa na ukatili usio na ujuzi. Lakini sikiliza jambo hili. Baadaye mvulana mmoja, ambaye alibeba mawe mengi kuliko wote, aliniambia kwamba alijua tangu mwanzo mahali ambapo ukuta ungevunjika. Alikuwa akichunga mbuzi katika mteremko ule, na aliijua njia ya maji. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu bila ufidhuli, "Hukuniuliza, Mwalimu. Ulihesabu mawe tu." Kumbe kulazimisha hakuondoi mvuto wa kazi peke yake, humwondolea mtu sababu ya kutazama. Nilipata nguvu za mikono yao nikapoteza macho yao, na ukuta hujengwa kwa macho.

Tena tuseme ukuta wangu ungalisimama. Je, ningalikuwa na haki? Nimelifikiri sana swali hili, na jibu langu ni hapana. Wale walikuwa wana wa wakulima. Baba zao na mama zao waliishi kwa kuinama, kuchimba na kubeba. Mimi nilichukua kazi iliyowalisha nikaifanya jina la adhabu. Niliwafundisha, bila ya kuandika neno ubaoni, kwamba mikono huchafuliwa na mkosaji, na kwamba mtu mwema huketi. Somo hilo lingalibaki vichwani mwao hata kama ukuta ungalidumu miaka mia.

Watu hupenda kulinganisha jumuiya na ukuta, wakasema kila mtu ni jiwe na kila jiwe lina mahali pake. Ni mfano mzuri, lakini una hatari. Kwanza, si kweli kwamba kila jiwe lafaa. Mzee alikuwa akigonga jiwe kwa jiwe. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, alilitupa pembeni. Pili, na hili ndilo kubwa, jiwe halina shauri. Mjenzi huligeuza atakavyo, nalo halidhulumiki. Mtu si hivyo. Mtu akiwekwa mahali pake bila kuulizwa, hata pakiwa mahali pazuri, amefanywa jiwe. Katika ukuta wa watu hakuna mjenzi aliyesimama nje ya ukuta. Mjenzi mwenyewe ni mmoja wa mawe, na kila jiwe ni mjenzi. Mfano wetu unavunjika hapo, na nadhani mema na mabaya huanzia pale pale unapovunjika. Mtu aliyezoea kuwaona wenzake kama mawe ataweza kujenga kitu kirefu, ila hataweza kujenga jumuiya.

Iko hatari ya tatu. Ukuta hushika walio ndani na huzuia walio nje. Boma huwalinda watu kwa kuwatenga na wengine. Basi tusisifu kila umoja kwa kuwa ni umoja, maana hata majambazi hushikana. Nauheshimu zaidi ukuta wa shambani, ambao kazi yake si kumzuia jirani bali kuzuia udongo usimwendee maskini mkulima wa chini kama mafuriko. Ukuta huo humfaa hata yule ambaye hakubeba jiwe. Umoja wa watu nao na upimwe hivyo: je, walio chini ya mteremko wamepata nafuu?

Kiangazi kilipokaribia mwisho nilisimama mbele ya wanafunzi nikawaambia kwamba sheria ya mawe imekwisha, na kwamba nilikosa. Si rahisi kwa mwalimu kusema neno hilo, lakini lilipokwisha kutoka halikuniua. Nikasema kwamba Jumamosi nitakuwa shambani, na atakaye aje. Walikuja saba. Yule mvulana wa mbuzi alikuja pia, akaketi juu ya jiwe, akakunja mikono. Sikumwambia kitu. Tulichimba msingi hata saa nne. Ndipo alipoinuka, akatembea hatua ishirini kando, akaonyesha kwa kidole. "Maji hupita hapa," akasema. Tuliacha mfereji tuliouchimba, tukaanza upya pale alipoonyesha. Juma lililofuata walikuja kumi na wawili.

Msomaji kijana, siku moja utakuwa na watu chini ya mkono wako: watoto, au wafanyakazi, au raia. Utaona kazi njema mbele yako, na utaona njia ya mkato ya kuwafanya waifanye. Siku hiyo kumbuka kwamba ukuta unaweza kuonekana mzima siku nyingi kabla mvua haijaujaribu. Usihesabu mawe tu. Uliza nani ameona njia ya maji, kisha unyamaze umsikilize.